Moyo Unaokimbia, Mkono Unaotulia: Funzo la Biathloni ya Vijana kwa Viwanja vya Nyamuswa

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia kwisha kaskazini mwa dunia, vijana wa mataifa mengi hukusanyika kwa Mashindano ya Dunia ya Biathloni ya Vijana na Chipukizi. Mwaka 2023 walikutana Shchuchinsk, Kazakhstan; mwaka 2024 Otepää, Estonia; na mwaka 2025 Östersund, Sweden. Mchezo huo huunganisha kazi mbili zinazopingana. Mchezaji hukimbia juu ya theluji kwa mbao nyembamba za kutelezea, mgongoni amebeba bunduki yenye uzito usiopungua kilo 3.5. Kisha husimama kwenye uwanja wa kulenga na kupiga shabaha tano zilizo umbali wa mita 50. Akilenga kwa kulala kifudifudi, shabaha ina upana wa milimita 45, ambao ni upana wa yai la kuku. Akilenga kwa kusimama, ina milimita 115, kiasi cha balungi. Kila risasi inayokosa ina gharama yake: katika mbio nyingi mchezaji hulazimika kuzunguka njia ya adhabu ya mita 150, na katika mbio nyingine huongezewa muda.

Msomaji aliyeko Nyamuswa ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Katika nchi yetu theluji ipo kileleni mwa Kilimanjaro tu, wala hakuna mtoto wa shule ya msingi anayebeba bunduki. Hata hivyo, kwa daktari wa moyo, hakuna mchezo unaoonyesha wazi zaidi jinsi mwili wa kijana unavyofanya kazi, mahali unapoweza kushindwa, na kwa nini mkubwa aliyesimama pembeni ya uwanja ana wajibu mzito kuliko anavyodhani. Makala haya yanatumia biathloni kama kioo, ili tujitazame sisi wenyewe.

Uwanja ulio njia panda

Nyamuswa iko katika Wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kandokando ya barabara iendayo Nata na Mugumu, na ni mwanzo wa ile inayoshuka hadi Bunda na kuendelea mpaka Kisorya. Magharibi kuna Ziwa Viktoria, na mashariki kuna mbuga za Serengeti. Ni nchi ya Waikizu, watu ambao tangu zamani walilima, walifuga na kuwinda. Babu zao walimfuatilia mnyama kwa miguu kwa muda mrefu, kisha wakavuta upinde pumzi zikiwa bado juu. Huko Skandinavia nako biathloni imetokana na uwindaji wa kwenye theluji. Wawindaji wa pande zote mbili, bila kufahamiana, walijifunza jambo lile lile: anayekimbia bila kujua kutulia hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mkoa huu una sifa yake katika riadha. Suleiman Nyambui, aliyezaliwa Majita, upande wa ziwa, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika michezo hiyo hiyo Filbert Bayi alipata fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa kushinda marathoni. Mtoto wa Nyamuswa anayekimbia peku kwenda shuleni ana sababu ya kuota ndoto.

Mashindano ya kimataifa ya vijana nayo yamekwishafika mlangoni petu. Nairobi iliandaa mashindano ya dunia ya riadha ya walio chini ya miaka 18 mwezi Julai 2017, ambayo yalikuwa ya mwisho ya rika hilo. Ikaandaa tena ya walio chini ya miaka 20 mwezi Agosti 2021, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Katika uwanja wa Kasarani, mwaka huo wa 2021, kijana wa Kenya Emmanuel Wanyonyi, akiwa na umri wa miaka 17, alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.76. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki mjini Paris. Hata theluji yenyewe imeshaonja nyayo za Afrika Mashariki. Mwaka 1998, huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza, akamaliza wa mwisho katika nafasi ya 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie.

Wanaofika katika viwanja hivyo hupimwa, hulishwa, na huwa na daktari anayewasubiri pembeni. Wasiwasi wangu uko kwa maelfu wanaokimbia katika viwanja vya shule, katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA na mashindano ya kata yanayoitangulia, ambako anayewasubiri pembeni mara nyingi ni mwalimu mmoja mwenye filimbi na orodha ya majina.

Ndani ya kifua cha mkimbiaji

Kijana wa miaka 17 anayekimbia kwa nguvu zake zote anaweza kufikisha mapigo ya moyo 180 hadi 200 kwa dakika, yaani mapigo matatu au zaidi kwa kila sekunde. Kila pigo husukuma damu, na kila msukumo hutikisa mwili mzima, kuanzia kifua hadi ncha ya bunduki. Kwa hiyo mchezaji wa biathloni huanza kupunguza mwendo kabla ya kufika mahali pa kulenga. Huvuta pumzi ndefu, hutoa nusu yake, hutulia, kisha huvuta kifyatulio katika kituo kile kifupi ambapo kifua hakipandi wala hakishuki. Moyo haumtii mtu kwa amri. Pumzi humtii, na kwa njia ya pumzi moyo nao hushawishika kupoa.

Kasi ya moyo kushuka baada ya mbio ni kipimo cha afya ambacho hakihitaji mashine. Mwenye moyo imara hushuka haraka katika dakika ya kwanza ya kupumzika. Kwa watu wazima waliopimwa hospitalini, kushuka kwa mapigo 12 au pungufu katika dakika hiyo huhesabiwa kuwa dalili mbaya. Vijana wengi hushuka zaidi ya hapo kwa mbali. Mwalimu anaweza kumfundisha kila mwanafunzi kuweka vidole viwili penye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha kuzidisha kwa nne. Hesabu hiyo haitoi jina la ugonjwa. Kazi yake ni kumwonyesha mwalimu ni mwanafunzi gani aangaliwe kwa karibu.

Moyo hausukumi maji matupu. Husukuma damu iliyobeba oksijeni, na oksijeni hubebwa na himoglobini. Kila gramu ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Kijana mwenye himoglobini ya gramu 14 katika kila desilita hubeba karibu mililita 19 za oksijeni katika kila desilita ya damu. Mwenzake mwenye gramu 9 hubeba mililita 12. Wote wawili wanaposimama kwenye mstari wa kuanzia, mmoja wao amekwishapoteza zaidi ya theluthi moja ya nishati yake kabla filimbi haijalia. Moyo wake utajaribu kufidia kwa kupiga haraka zaidi, naye atachoka mapema, ataumwa kichwa, atabaki nyuma. Mara nyingi ataitwa mvivu.

Kijana aliyeanguka kwenye kona ya mwisho

Ninasimulia kisa kifuatacho kwa ridhaa ya mzazi, nami nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika.

Nilikuwa upande wa Nyamuswa kwa kliniki ya mkoba, mwezi Juni, siku ambayo shule kadhaa za jirani zilikuwa na mashindano. Mbio za mita 3,000 zilicheleweshwa na hotuba za wageni, zikaanza saa saba na nusu mchana. Hapakuwa na maji uwanjani. Mvulana wa miaka 15, aliyekuwa akiongoza, alianza kuyumba katika mzunguko wa mwisho. Miguu ilimlegea kama kamba iliyolowa, akaketi, kisha akalala. Umati ukamzunguka. Mmoja alisema ni kifafa, mwingine akasema amechezewa, wa tatu akamshika makwapa akitaka asimame amalizie, kwani mstari ulikuwa umebaki mita 80 tu.

Nilipopiga magoti kando yake, alinijibu jina lake na jina la shule yake. Alisema, "Shikamoo daktari. Mapaja yananiuma, siyasikii yakinibeba." Misuli ya mapaja ilikuwa laini, si migumu kama ya mtu aliyeshikwa na mkazo wa kawaida. Ngozi ilikuwa ya moto kiasi, akili yake ilikuwa timamu. Tulimhamishia kivulini, tukamlowesha kwa maji ya dumu lililoletwa kutoka nyumba ya jirani, tukampa maji ya kunywa kidogo kidogo, na tukampeleka kituo cha afya kwa pikipiki, akiwa katikati ya watu wawili. Jioni mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Misuli ilikuwa imevunjika na mabaki yake yalikuwa yakipita kwenye figo. Alitundikiwa maji usiku kucha, na baada ya siku tatu mkojo ulirudi kuwa safi. Figo zake zilipona.

Vipimo vya damu vilionyesha kwamba kijana huyo amebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Yeye si mgonjwa wa selimundu. Ni mbebaji tu. Nilipomweleza mama yake maana ya jambo hilo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Daktari, na yule mdogo wake anayelia usiku mikono ikimvimba wakati wa baridi?"

Nitarudi kwa mtoto huyo mwishoni.

Selimundu: tofauti kati ya mgonjwa na mbebaji

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Kanda ya Ziwa imeathirika sana. Utafiti wa damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa nchi, uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji wa kinasaba, na zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kinasaba hiki kimeenea kwetu kwa sababu mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ni urithi uliowalinda mababu, lakini wenye gharama kwa baadhi ya wajukuu.

Mbebaji huishi maisha ya kawaida na anaweza kuwa mwanariadha hodari. Utafiti mkubwa wa askari wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona kwamba wabebaji hufa zaidi kuliko wenzao. Uliona kwamba hatari ya misuli kuvunjika kwa sababu ya kazi nzito ilikuwa juu kwa asilimia 54. Kwa hiyo mbebaji asifukuzwe uwanjani. Anachohitaji ni kujengwa taratibu, kunywa maji, kupumzishwa katikati ya mazoezi makali, kutokimbizwa anapokuwa na homa, na kuruhusiwa kusimama anaposema hawezi. Mchezaji wa biathloni hupunguza mwendo kabla ya kulenga wala hakuna anayemwita mwoga. Mtoto wetu naye apewe heshima hiyo.

Mwenye ugonjwa wa selimundu ni habari nyingine. Mbio za ushindani, kukaukiwa maji na baridi kali vinaweza kumletea maumivu makali na hata kumweka hatarini. Acheze kwa kiasi, kwa ushauri wa kliniki yake, na mwalimu wake ajue.

Walioanguka ni wa aina tatu

Mhudumu wa afya au mwalimu anayemkimbilia mwanafunzi aliyeanguka anapaswa kujiuliza swali moja kwanza: anaitika?

Wa kwanza ni yule asiyeitika na asiyepumua kawaida. Huyu moyo wake umesimama, hata kama mikono inatikisika kwa sekunde chache. Mtikisiko huo ndio unaowafanya watu waseme ni kifafa na kumwacha bila msaada. Mwenye kifafa hupumua, ingawa kwa kukoroma, na mapigo ya moyo wake yapo. Mtu huyu wa kwanza anahitaji kushinikizwa kifua hapo hapo alipolala: mikono miwili katikati ya kifua, kina cha sentimeta 5, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati mwingine anaita msaada na kutafuta mashine ya kushtua moyo pale inapopatikana. Tarehe 26 Juni 2003, huko Lyon, Ufaransa, kiungo wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka peke yake katikati ya uwanja na kufariki. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo mjini Copenhagen, akashinikizwa kifua na kushtuliwa moyo mara moja, na akarudi kucheza mpira.

Wa pili ni yule aliyechanganyikiwa: anaropoka, anapigana na wanaomsaidia, au amelegea na mwili unawaka moto. Hicho ni kiharusi cha joto, na joto la ndani ya mwili huwa limepita nyuzi 40. Kanuni yake ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Atolewe nguo za juu, amwagiwe maji baridi mwili mzima bila kukoma, apepewe, na ikiwezekana atumbukizwe ndani ya pipa au karai kubwa la maji huku kichwa kikishikiliwa juu. Asinyweshwe kitu akiwa amechanganyikiwa. Kumfunika shuka, au kumpandisha gari safari ya saa nzima bila kumpoza, ni kuuacha ubongo wake uendelee kuungua.

Wa tatu ni kama kijana wetu: anaongea, akili ni timamu, lakini miguu haimbebi na misuli inauma bila kuwa migumu. Asisimamishwe, asilazimishwe kumalizia. Apumzishwe kivulini, apozwe, anywe maji, apewe oksijeni ikiwepo, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo hata akisema amepona. Mkojo wake uangaliwe kwa saa 24. Ukiwa mweusi au wa rangi ya chai, ni dharura.

Maradhi yanayojificha nyuma ya uvivu

Wengi wanaobaki nyuma katika mbio hawataanguka kamwe. Watachoka tu, mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto wa miaka 12 hadi 14 ana upungufu wa damu ikiwa himoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Kwa msichana wa miaka 15 na zaidi kiwango ni hicho hicho, na kwa mvulana wa rika hilo ni gramu 13. Katika mkoa wa Mara sababu mara nyingi huwa zaidi ya moja kwa mtoto mmoja: malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura inayonyonya damu tumboni, hedhi nzito kwa wasichana, selimundu, na chakula chenye madini chuma kidogo. Dagaa, maharage na mboga za majani vipo sokoni kwetu. Chungwa au pera baada ya mlo husaidia madini chuma kufyonzwa. Chai iliyonywewa pamoja na chakula huyazuia, hivyo ingoje saa moja au mbili.

Kichocho nacho ni mwizi wa nguvu. Vijiji vya ufukweni hupata zaidi kile cha matumbo na ini. Bara, kwenye malambo na madimbwi wanakooga watoto na kunyweshwa mifugo, kuna kile cha kibofu, ambacho dalili yake ni mkojo wenye damu. Nimekutana na wavulana waliodhani damu hiyo ni ishara ya kubalehe. Tiba ipo, ni vidonge vya praziquantel vinavyotolewa kwa uzito au kimo cha mtoto, na hutolewa shuleni katika kampeni za kingatiba. Mzazi asimfiche mtoto siku hiyo.

Moyo wenyewe unaweza kuwa umejeruhiwa bila mtu kujua. Mtoto huumwa koo, hupona, kisha baada ya wiki mbili au tatu magoti na viwiko huvimba kwa zamu. Hiyo ni homa ya rumatiki, inayoweza kuharibu milango ya moyo kwa maisha yote. Koo linaloletwa na bakteria hutibika kwa penisilini. Aliyekwishapata homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na kukatiza sindano ni kumfungulia adui mlango wa pili. Mkimbiaji anayelalamika kukosa pumzi kuliko wenzake, anayekohoa usiku akilala chali, au anayehisi moyo kudunda ovyo, asikimbie tena mpaka kifua chake kisikilizwe.

Pumu ina nafasi yake hapa. Wachezaji wa theluji huugua sana pumu inayoamshwa na mazoezi, kwa kuwa hewa kavu ya baridi hukausha njia zao za pumzi. Kanuni za biathloni haziruhusu mbio kuanza joto likiwa chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwetu, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni hufanya kazi ile ile ya uharibifu. Mwenye kifua kinachobana au kupiga mluzi baada ya mbio anahitaji dawa ya kuvuta kwa mdomo, naye akitibiwa vizuri atakimbia kama wengine.

Neno moja kwa walezi wa wasichana: mkimbiaji ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi mitatu, bila kuwa mjamzito, huenda hali chakula cha kutosha kwa kazi anayoifanya. Mifupa yake inadhoofika kimyakimya. Hiyo si alama ya ukakamavu, na mazoezi zaidi hayataiponya.

Kabla ya filimbi

Mwezi Desemba 2004, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mapendekezo mjini Lausanne kuhusu kuwachunguza wanamichezo walio chini ya miaka 35 kabla ya mashindano. Msingi wake ni maswali, kusikiliza moyo na kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hicho cha mwisho hakipo katika zahanati nyingi. Maswali yapo kila mahali, na hayana gharama.

Mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amuulize kila mshiriki, na mzazi wake, mambo sita. Je, umewahi kuzimia au kuumwa kifua ukiwa unakimbia? Je, unakosa pumzi kuliko wenzako wa rika lako? Je, kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya umri wa miaka 40? Je, kuna selimundu katika familia, au mtoto anayeumwa mikono na miguu mara kwa mara? Je, unaumwa leo, una homa, au umeharisha? Je, mkojo wako umewahi kuwa na damu? Jibu moja la ndiyo halimfukuzi mtoto uwanjani. Linampeleka kwanza zahanati, na ikibidi kituo cha afya, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Kwangwa, Musoma, au Bugando.

Waandaaji nao wana orodha yao fupi. Mbio ndefu zifanyike kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na hotuba zingoje. Pawe na maji ya kunywa na maji ya kumwagia, kivuli, na mtu mmoja aliyejifunza kushinikiza kifua. Namba ya simu ya kituo cha afya iandikwe ubaoni, na chombo cha usafiri kijulikane mapema, hata kama ni bodaboda. Watoto wapewe angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, na usingizi wa saa 8 hadi 10. Hakuna hata kimoja hapa kinachohitaji fedha za Östersund.

Mtoto aliyelia usiku

Yule mdogo wake, msichana wa miaka 7, aliletwa kliniki wiki iliyofuata. Macho yake yalikuwa na umanjano, himoglobini yake ilikuwa gramu 6.9, na kipimo kilithibitisha ugonjwa wa selimundu. Kwa miaka saba alikuwa ametibiwa malaria, homa ya matumbo na, kwa mujibu wa bibi yake, jicho la watu. Tulimwanzishia vidonge vya foliki na haidroksiurea, na tukamfundisha mama yake kupima joto la mwili na kupapasa bandama. Anahudhuria kliniki kila mwezi. Majira ya baridi yaliyopita alilia usiku mara mbili tu.

Kaka yake anakimbia bado. Anaanza polepole, anakunywa maji, na katika mazoezi akihisi mapaja yanamwelemea hutembea mpaka pumzi zimrudie, kisha huendelea. Mwalimu wake, ambaye siku ile alikuwa miongoni mwa waliotaka asimamishwe amalizie, sasa hupita na daftari kabla ya kila mashindano akiuliza yale maswali sita. Msimu uliopita aliwatuma zahanati watoto wanne. Watatu walirudi na vidonge, wakakimbia wiki zilizofuata. Wa nne, msichana aliyewahi kuvimba magoti, alikutwa na mlango wa moyo unaovuja. Hatakimbia mbio ndefu, lakini sindano zake hazijakatika, na ndiye anayeshika saa kwenye mstari wa mwisho.